Gari la kifahari la mkononi: kati ya BMW, Mercedes na Lexus, nianze kukagua ipi?

Swali: "Nimejibana miaka kadhaa hadi nimepata fedha ya kununua gari dogo jipya la kawaida, au gari la kifahari la mkononi. Moyo unataka hilo la pili. Nimepata matatu yenye bei karibu sawa: BMW 320i ya 2013 yenye kilomita 78,000, Mercedes C200 ya 2011 yenye kilomita 112,000, na Lexus IS 250 ya 2010 yenye kilomita 131,000. Yote ni ya petroli na ya otomatiki. Mwenye BMW anasema gia boksi yake haibadilishwi oili maisha yote, na kwamba kwa kilomita chache zile, magari mengine hayaifikii. Shemeji yangu anasema Mjerumani wa mkononi ni kujitafutia presha, nichukue Lexus nifumbe macho. Nichukue ipi, na nikague nini kabla sijatoa hela?"

Ukiliangalia vizuri swali lako, si nembo inayokunyima usingizi. Unaogopa kununua gari ambalo bei yake unaimudu ila matunzo yake yakushinde. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, na ndiyo itakayokuongoza vizuri kuliko sifa za muuzaji yeyote.

Kwa maelezo uliyonipa tu, bila kuyaona magari yenyewe, ningeanza kwenda kuiona Lexus, kisha Mercedes. BMW ningeifuata tu kama mwenyewe ana risiti ya kubadilishwa cheni ya taimingi, ile inayooanisha mwendo wa pistoni na valvu za injini. Nitaeleza kwa nini. Lakini huo ni mpangilio wa kwenda kukagua, si wa kununua. Mercedes iliyotunzwa na mtu mwenye faili la risiti inaiacha mbali Lexus iliyotelekezwa. Shemeji ana hoja, ila anakosea pale anapokuambia ufumbe macho.

Kwanza tuzungumze fedha, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Gari la kifahari linapoporomoka bei, kinachoporomoka ni gari. Vipuri vyake havishuki nalo. Gari lililouzwa jipya kwa bei ya magari matatu ya kawaida, leo linauzwa kwa bei ya moja, lakini taa yake ya mbele, pampu yake ya maji na kompyuta ya gia boksi bado vina bei ya gari la daraja lile lile la juu. Mara nyingi bei huwa tamu hasa kwa sababu mwenye gari ameshaonyeshwa bili inayokuja. Kwa hiyo usilinganishe bei za kununua peke yake. Robo ya fedha yako isiguswe siku ya kununua: hiyo ni ya huduma ya kwanza na ya ule ubovu mmoja mkubwa ambao ukaguzi haukuuona. Kama kulinunua gari kunamaliza mfuko wote, chukua lile dogo jipya. Hutakuwa umekosea.

Sasa hiyo oili ya "maisha yote". 320i hiyo ina gia boksi ya gia nane iliyotengenezwa na kampuni ya ZF. Ndani yake, kubadilisha gia ni kazi ya sahani za msuguano zinazobanwa na kuachiwa kwa presha ya oili, na presha hiyo inaongozwa na valvu ndogo za umeme. Oili ile ile inalainisha, inapoza, inabeba presha, na tena ndiyo inayoamua sahani zishikane kwa ukali au kwa ulaini. Kila sahani zinaposhikana hutoka unga mwembamba mno. Klachi iliyo ndani ya toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, nayo huachwa iteleze kidogo kwa makusudi ili gari liwe laini, na inaongeza unga wake. Baadhi ya unga hunaswa na filta na sumaku za chini, unaobaki unazunguka na oili. Wakati huohuo joto linaichosha oili yenyewe. Inafika mahali valvu zinachelewa kufunguka, presha inapanda kwa kukurupuka, na wewe kwenye kiti unasikia gari "linagonga" likitoka gia moja kwenda nyingine, au linatetemeka kidogo ukiwa kwenye mwendo wa wastani.

Maisha yanayosemwa pale ni yale ambayo mtengenezaji wa gari ameyapigia hesabu, si ya mnunuzi wa pili wala wa tatu. ZF wenyewe, walioiunda gia boksi hiyo, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 kutegemea matumizi. Kwa hiyo BMW yenye kilomita 78,000 ambayo haijawahi kubadilishwa inakuja na kazi hiyo mkononi, nawe uiingize kwenye bei. Sampu ya chini, yaani bakuli la oili, ni ya plastiki na filta imejengwa humohumo, hivyo hubadilishwa vyote pamoja. Oili haitoki yote kwa kufungua sampu. Nyingine hubaki kwenye toki konveta, ndiyo maana mafundi wengine hurudia baada ya kilomita elfu chache. Kujaza kunafanyika injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa limelala sawa, joto la oili likiwa kati ya nyuzi 30 na 50, hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Fundi anayejaza kwa kukisia injini ikiwa imezimwa ataacha pungufu, na upungufu wa lita moja tu unatosha kuunguza sahani. Mercedes na Lexus nazo ni hivyohivyo. Lexus hiyo haina hata kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, kwa hiyo wengi huisahau kabisa.

Jambo la pili alilokuambia muuzaji ni kilomita chache. Chukua kalamu tupige hesabu. Kompyuta ya BMW ya umri ule inaweza kuiacha oili ya injini hadi kama kilomita 25,000 au miaka miwili kabla ya kudai huduma. Gari lililofuata kompyuta tu, likafika 78,000, linaweza kuwa limebadilishiwa oili mara chache tu maisha yake yote. Lexus yenye 131,000 iliyobadilishiwa kila 10,000 imepata oili mpya mara kumi na tatu. Injini ipi ni changa? Halafu kuna safari fupifupi: injini isipopata moto wa kutosha, petroli na unyevu hubaki kwenye oili na kuifanya nyepesi na chafu. Na plastiki na mpira chini ya boneti havihesabu kilomita. Vinahesabu miaka na mara ngapi vimepata moto na kupoa.

Hizo kilomita zenyewe nazo zithibitishwe. Namba ya dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi kuliko watu wanavyodhani, lakini kuirudisha kila mahali ni kazi. BMW hasa huhifadhi kilomita kwenye kompyuta zaidi ya moja, na mashine ya kampuni huona zikitofautiana. Kwa macho, angalia mpira wa pedali ya breki, ubavu wa kiti cha dereva pale mtu anaposugua akiingia, na ngozi ya usukani upande wa juu. Kiti kilichopasuka na pedali iliyong'aa haviendani na 78,000. Risiti za huduma zenye tarehe na kilomita zinazopanda kwa mpangilio zina nguvu kuliko vyote hivyo.

Tuje kwenye kila gari na ugonjwa wake.

BMW 320i ya 2013 kwa kawaida ina injini ya N20, silinda nne, lita mbili, yenye turbo. Cheni yake ya taimingi inapita kati ya vishikio vya plastiki vinavyoinyoosha na kuiongoza. Plastiki ya matoleo ya mwanzo hukauka na kuwa kama kaukau: inamomonyoka vipande, vipande vinaanguka kwenye sampu, na vingine vinaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Cheni isiyo na mwongozo inalegea. Ikiruka meno, pistoni zinakutana na valvu, na injini imekwisha. BMW walikuja kuviboresha vishikio hivyo, lakini gari la 2013 lilitoka kiwandani na vile vya zamani. Dalili yake ni mlio mwembamba wa kuvuma, kama filimbi ya mbali, unaopanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini. Wakati mwingine hakuna dalili. Kubadilisha kwa ukamilifu kunadai kushusha sampu, na ili sampu itoke lazima fremu ya mbele inayobeba injini ishushwe. Ni kazi ya siku nzima na zaidi, si ya mchana mmoja. Ndiyo maana nasisitiza risiti: iandike vishikio, cheni, kikaza cheni, na cheni ndogo ya pampu ya oili. "Ilishatengenezwa" bila karatasi ihesabu kuwa haijatengenezwa.

Mengine ya BMW hiyo ni madogo ila yana gharama: gasketi ya kifuniko cha valvu na ya nyumba ya filta ya oili huvujisha, na pampu ya maji ni ya umeme, ambayo mara nyingi hufa bila kuaga. Haina kijiti cha kupimia oili ya injini. Kipimo kiko kwenye menyu ya dashibodi na hutoa jibu la kuaminika injini ikiwa imepata moto. Mwambie muuzaji akuonyeshe. Ikisoma karibu na chini, ujue mwenye gari hana tabia ya kuangalia.

Mercedes C200 ya 2011, ile wanayoiita W204, ina injini ya M271, lita 1.8 yenye turbo. Hii nayo ina suala la cheni, ila kwa njia nyingine: cheni hurefuka taratibu, na meno ya gia zinazozungusha kamshafti (shafti zinazofungua valvu), zile zenye mtambo wa kubadili taimingi, hulika. Matokeo yake ni mkwaruzo wa sekunde mbili tatu injini inapowashwa ikiwa imepoa kabisa, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo, kisha kimya. Msimbo wa P0016 kwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta za gari), unaosema kamshafti na krankishafti, shafti inayozungushwa na pistoni, hazilingani, ni taarifa hiyohiyo kwa lugha ya kompyuta. Uzuri ni kwamba hii inaonya mapema. Ikishughulikiwa mapema, gari linaendelea miaka mingi.

Kuna kipimo kimoja cha Mercedes hiyo ambacho hakihitaji chombo chochote. Mbele ya injini, juu, kuna sumaku za umeme zinazoamuru taimingi ya kamshafti, kila moja na plagi yake ya waya. Injini ikiwa imezimwa, chomoa plagi moja na uchungulie ndani yake. Pakavu, salama. Ukikuta oili, sumaku inavujisha, na oili hiyo ina tabia ya kupanda ndani ya waya, polepole, hadi kwenye soketi ya kompyuta ya injini. Sumaku yenyewe ni kipuri cha bei nafuu. Waya na kompyuta vilivyolowa oili ni habari nyingine.

Mercedes hiyo ikiwa na gia boksi ya gia saba, kompyuta na sensa za mwendo zimo ndani yake, zinaoga oili. Sensa ikifa gari hujilinda kwa kung'ang'ania gia moja, na kompyuta mpya lazima isajiliwe kwa mashine ya kampuni. Iliyong'olewa kwenye gari jingine haifungwi ikafanya kazi hivihivi. Pia kuna kufuli ya usukani ya umeme: ukichomeka ufunguo unapaswa kusikia kamota kadogo kakifungua. Kamota hako kakifa usukani haufunguki, swichi haizunguki, na gari linabaki palepale lilipoegeshwa. Na kama gari lilitembea nchi wanazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, nyanyua na uangalie fremu ya nyuma inayobeba mikono ya magurudumu, maana kutu yake huanzia ndani.

Lexus IS 250 ina injini ya V6 ya lita 2.5, 4GR-FSE, isiyo na turbo. Cheni yake si tatizo linalojulikana. Ugonjwa wake ni masizi. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo mgongo wa valvu za kuingiza hewa hauoshwi na petroli kama kwenye injini za zamani. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa hugandia pale, unaungua, unajenga tabaka gumu jeusi. Hewa inaingia bila mpangilio na injini inaanza kutikisika ukiwa umesimama kwenye taa. IS 350, ndugu yake mkubwa, ina noze za aina mbili na zile za njia ya hewa huosha valvu. IS 250 haina bahati hiyo. Dawa ni kuondoa manifoldi ya hewa na kusafisha valvu kwa kupuliza unga wa maganda ya jozi. Dawa za kumwaga kwenye tanki la petroli hazifiki pale, kwa sababu petroli haipiti pale, hata chupa iandikwe maneno gani. BMW na Mercedes hizo nazo hupuliza petroli moja kwa moja, kwa hiyo masizi si ya Lexus peke yake, ila IS 250 inasifika zaidi kwa hilo. Ukiwa hapo tazama pampu ya maji mbele ya injini: ukoko wa rangi ya waridi ni kulanti, kimiminika cha kupoza injini, iliyovuja na kukauka.

Kwa nini basi naiweka mbele? Kwa sababu ubovu wake mkuu unakusumbua kabla haujakuua. Cheni ya N20 inaweza kukaa kimya hadi siku ya mwisho.

Siku ya ukaguzi, mwambie muuzaji mapema kwamba unataka injini iliyolala usiku kucha bila kuwashwa. Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti, kisha ifungue na uguse mpira mnene wa juu unaoingia kwenye rejeta. Ukikuta uvuguvugu, gari limewashwa, na lile ulilokuja kusikiliza limeshafichwa. Uliza kwa upole, panga siku nyingine.

Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha tanki la kulanti. Unataka rangi moja safi, isiyo na utando wa mafuta juu wala matope chini. Maji matupu ya bomba mara nyingi humaanisha kuna mahali panavuja na mtu amechoka kununua kulanti. Fungua kifuniko cha oili: weusi mwembamba ni kawaida, lami nene si kawaida. Ute mweupe kama maziwa ya kuganda chini ya kifuniko unaweza kuwa unyevu wa safari fupi tu, lakini ukiukuta huku kulanti ikipungua, fikiria gasketi ya silinda hedi.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa za injini, ABS na mifuko ya hewa lazima ziwake zote kwa sekunde chache. Taa ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, maana kuna mtu ameizima ili usiione. Kisha muuzaji awashe injini wewe ukiwa umesimama mbele, umeinamisha sikio. Sekunde tano za kwanza ndizo za cheni. Mwombe mwenzako aangalie moshi nyuma: mvuke mweupe unaoisha haraka ni wa kawaida, mweupe unaoendelea na wenye harufu tamu ni kulanti, wa buluu ni oili. Iache injini iungurume dakika tano, halafu ikanyagwe mara moja. Pumzi ya buluu wakati huo inaelekeza kwenye sili za valvu au turbo, kwa sababu oili ilikuwa inajikusanya injini ilipokuwa imetulia.

Chomeka skana, lakini ujue unachotafuta. Kadude ka bei ndogo kanakosoma kompyuta ya injini peke yake hakatoshi; magari haya yana kompyuta nyingi, na zilizo chini ya zulia ndizo za kwanza kulowa maji yakiingia. Msimbo ukifutwa asubuhi, gari linajisaliti kwa njia nyingine: vipimo vya ndani vya kujikagua huonyesha havijakamilika, na skana nyingi zinaonyesha umbali uliotembea tangu misimbo ifutwe. Gari linalosemwa halina shida, ila misimbo imefutwa kilomita sita zilizopita, limeshakujibu.

Endesha angalau dakika 40, mjini na kwenye barabara ya kasi. Likiwa bado baridi, toa gia kutoka P kwenda R. Lishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kugonga. Kisha tembea kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa ukigusa mafuta kidogo tu: mtetemo kama unapita juu ya vijiwe vidogo ni klachi ya toki konveta. Kwenye matuta sikiliza bushi za mikono ya mbele. Ukirudi usizime, liache dakika kumi na AC ikiwa imewashwa, macho kwenye joto na pua karibu na boneti.

Bodi sitaisemea sana. Kifaa cha kupima unene wa rangi kinachosoma chuma na aluminiamu kitakuonyesha mikroni 80 hadi 150 kwenye rangi ya kiwandani. Ikivuka 200 imepakwa tena, na ikivuka 500 kuna puti chini. Mlango uliorudiwa rangi si dhambi. Kinachokataza kununua ni nguzo za bodi au mihimili ya chasisi iliyochomelewa. Kwa mafuriko, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: tope huganda pale ambapo hakuna anayeosha. Na soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT kwenye ubavu wa tairi; 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Hadi hapo umefanya kazi yako, na huwezi kwenda mbali zaidi ya hapo peke yako. Gari lililofaulu lipeleke kwa fundi asiyejuana na muuzaji, aliyezoea nembo hiyo na mwenye mashine yake: ISTA kwa BMW, XENTRY kwa Mercedes, Techstream kwa Lexus. Mlipe hata kama hununui. Usimwambie "niangalizie tu". Mwombe asome kompyuta zote na akupe karatasi yake, alinyanyue gari na kuangalia chini, apime mgandamizo wa silinda zote, na kwa Lexus aingize kamera aone valvu. Kwa Mercedes yenye mkwaruzo wa cheni, mwombe afungue kifuniko cha juu atazame meno. Muuzaji anayekubali kila kitu isipokuwa gari kuondoka kwenda kwa fundi wako, mshukuru, uondoke wewe.

Kinachobaki ni kupiga bei kwa kutumia ulichokuta. Breki zilizoisha, tairi kuukuu, oili ya gia boksi, masizi, hivyo vyote vina bei inayojulikana, vikate kwenye bei ya gari. Kilomita zisizolingana, dalili za mafuriko, au mlio wa cheni kwenye N20 isiyo na risiti, hivyo havipunguziwi bei. Viache na gari lake. Mercedes yenye mkwaruzo wa cheni iko katikati: kama meno hayajalika sana na punguzo linafunika kazi yote, inanunulika.

Yakifaulu yote matatu, ukichukua BMW yenye risiti ya cheni utafurahi zaidi barabarani na utalipa zaidi gereji. Mercedes ni ya mtu anayesafiri umbali mrefu akitaka utulivu. Lexus ni nzito kidogo kuondoka na inakunywa zaidi ya unavyotarajia kwa nguvu zake, ila kwa mtu ambaye ndiyo anaanza na magari ya daraja hili, tena kwa fedha aliyojibana kuipata, ndiyo ninayoiona inakufaa, mradi kamera imeona valvu na ile robo ya fedha bado iko mfukoni.